Mkono na Leza: Utangulizi wa Deki za CD kwa Anayejifunza u-DJ

Santuri ina mfereji, na ndani ya mfereji ule kuna sindano. Ukigusa santuri inayozunguka, wimbo unapungua kasi. Ukiisukuma mbele unakimbia, ukiivuta nyuma sauti inalia kinyumenyume. Ufundi wa u-DJ tunaoujua leo ulizaliwa kwenye mguso huo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, Francis Grasso alikuwa akiunganisha wimbo na wimbo bila mdundo kukatika katika klabu ya Sanctuary, New York, na kabla ya muongo huo kwisha vijana wa Bronx walikwishaufanya mkwaruzo wa sindano kuwa ala ya muziki. Mashine iliyowabeba ma-DJ wengi wa nyakati zile ni Technics SL-1200 ya mwaka 1972, hasa toleo lake la MK2 la mwaka 1979, lenye kitelezi cha kupandisha au kushusha kasi kwa asilimia 8.

Mwaka 1982 CD iliingia sokoni nchini Japani, na mfereji ukatoweka. Juu ya sahani ile ya sentimita 12 kuna vishimo vidogo mno vinavyosomwa kwa mwanga wa leza, chini ya kifuniko, mahali ambapo kidole hakifiki. Hapo ndipo lilipozaliwa swali ambalo fani hii nzima inalizunguka: mkono wa DJ utaushika vipi muziki usioshikika? Kila deki ya CD iliyotengenezwa kwa ajili ya ma-DJ ni jibu la swali hilo. Baadhi ya majibu ni mazuri, mengine ni ya kubahatisha. Anayetaka kuchagua deki aanze hapo, kabla ya bei, kabla ya jina la kampuni, na mbali kabisa na wingi wa taa na vitufe.

Wanaoanza wengi hudhani kwamba gurudumu kubwa lililo juu ya deki ndilo linaloizungusha CD iliyo ndani. Sivyo: hata unapolisogeza taratibu kutafuta mahali, linachofanya ni kutoa amri. CD husomwa kutoka kitovuni kwenda ukingoni, na kwa kuwa vishimo vinatakiwa kupita mbele ya leza kwa mwendo uleule muda wote, sahani huzunguka karibu mara 500 kwa dakika mwanzoni mwa wimbo wa kwanza, kisha hupungua polepole hadi karibu mara 200 ikifika pembeni kabisa. Mzunguko wa namna hiyo hauchezewi kwa kidole. Kwa hiyo mashine hufanya ujanja: leza husoma mbele kidogo ya unachokisikia, muziki uliosomwa huhifadhiwa katika kumbukumbu ya kielektroniki, na mkono wako hucheza na kumbukumbu hiyo. Unapokwaruza kwenye deki ya CD, sahani iliyo ndani inaendelea na safari yake. Unachokivuta mbele na nyuma ni nakala ya sekunde chache za wimbo.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu ndilo linaloeleza tofauti karibu zote za ubora. Deki yenye kumbukumbu ya kutosha na kichakataji chepesi huupokea mkono wako mara moja. Deki dhaifu huchelewa, au hukwama unaporudi nyuma zaidi ya ilichokihifadhi. Kumbukumbu hiyohiyo ndiyo inayouokoa wimbo usiruke pale spika za besi zinapoitikisa meza.

Tuanze na mahali pa kuanzia wimbo. Sauti ya CD imegawanywa katika fremu 75 kwa kila sekunde, yaani fremu moja ni kama milisekunde 13. Sasa simama mbele ya deki ya Pioneer ya zamani kidogo, hedifoni ikiwa sikioni. Wimbo unacheza. Unabonyeza kitufe cha kusimamisha karibu na pigo la kwanza la ngoma. Deki hainyamazi. Inakirudiarudia kipande kilekile kifupi, drrrr, ili ujue ulipo. Unalisogeza gurudumu kidogo kidogo, fremu moja baada ya nyingine: kimya, kimya, halafu ncha ya ngoma inagonga. Unarudi nyuma fremu moja. Unabonyeza CUE, na mahali hapo pamekaririwa. Kuanzia sasa ukishikilia kitufe hicho wimbo unalia kuanzia pale pale, na ukikiachia unarudi mwanzo na kukusubiri. Fanya hivyo mara kadhaa kwa kufuata mdundo wa wimbo mwingine unaocheza kwenye spika, na utajua mengi kuhusu deki hiyo kuliko kijitabu chake kinavyoeleza. Kitufe kikiwa kigumu, au sauti ikichelewa hata kidogo baada ya kidole kushuka, deki hiyo itakupiga vita kila siku.

Baada ya mahali pa kuanzia huja kasi, na hapa naomba msomaji avumilie hesabu kidogo, maana wauzaji huipita mbio.

Chukua nyimbo mbili za hausi zenye mapigo yanayokaribia 125 kwa dakika. Pigo moja huchukua milisekunde 480. Kama kitelezi cha kasi cha deki yako hupiga hatua za asilimia 0.1, kama zilivyo baadhi ya deki za bei nafuu, basi mara nyingi hutaweza kuzilinganisha nyimbo hizo sawasawa, na tofauti ya hatua moja itazitenganisha kwa milisekunde 60 kila dakika inayopita. Hiyo ni sehemu ya nane ya pigo. Sikio la kawaida lisilojifunza muziki linaisikia: ngoma mbili zinaanza kukimbizana. Deki kama CDJ-1000MK3, ikiwekwa kwenye upana wa asilimia 6, hupiga hatua za asilimia 0.02, hivyo kosa lilelile la milisekunde 60 huchukua dakika tano kujikusanya. Katika dakika tano DJ amekwishamaliza kazi yake na kuutoa wimbo wa kwanza.

Sasa peleka hesabu hiyo kwenye singeli ya Dar es Salaam, ambayo mapigo yake huanzia 200 kwa dakika na kupanda. Pigo moja ni milisekunde 300 tu, na zile milisekunde 60 ni sehemu yake ya tano. Kinachovumilika kwenye hausi hakivumiliki kwenye singeli. Kijana anayetaka kuchezesha muziki huo kwa CD anahitaji hatua ndogo za kasi kuliko mtu mwingine yeyote, na bahati mbaya ndiye anayehitaji pia upana mkubwa. Ukitaka kuupandisha wimbo wa bongo fleva wa mapigo 100 ufike 126, ili uende na singeli yenye kasi mara mbili ya hiyo, unahitaji kuongeza asilimia 26. Upana wa asilimia 10 haukufikishi, wala wa asilimia 16. Lazima uingie kwenye upana unaoitwa WIDE, unaokwenda hadi asilimia 100, na kwenye CDJ-1000MK3 upana huo hupiga hatua za asilimia 0.5. Kwa hatua hizo nyimbo mbili huweza kuachana kwa milisekunde 300 kila dakika, pigo zima la singeli. Hakuna deki inayokwepa kabisa mvutano huu kati ya upana na ulaini. DJ huumaliza kwa mkono: kidole hakiondoki pembeni mwa gurudumu, kikiusukuma na kuuzuia wimbo kidogo kidogo hadi makutano yaishe.

Kasi ikipanda, sauti nayo hupanda. Asilimia 6 ni karibu nusu toni kamili, kiasi cha kumfanya mwimbaji unayemfahamu asikike kama mdogo wake. Kuna kitufe kinachozuia hilo, Pioneer wanakiita MASTER TEMPO, wengine hukiita kwa majina mengine. Hukata sauti katika vipande vidogo sana na kuvipanga upya ili kasi ibadilike na toni ibaki. Sikiliza kazi yake kwenye sauti ya mwanadamu na kwenye ngoma ya besi. Deki nzuri hubaki safi hadi asilimia 5 au 6, na zaidi ya hapo karibu zote huanza kutetemesha sauti. Ushauri wangu ni kuiacha imezimwa kwa mabadiliko madogo, hasa kwenye nyimbo zenye ngoma nzito, kwa sababu ncha ya ngoma hulegea.

Sasa gurudumu lenyewe, na hapa historia ni fupi kiasi cha kutajwa kwa mashine chache. Katikati ya miaka ya 1980 Technics walitoa SL-P1200, deki ya CD yenye kitelezi cha kasi na gurudumu la kutafutia, iliyotumika zaidi kwenye redio na studio. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Denon wakaleta deki pacha za kufungwa kwenye raki: sanduku moja lina CD mbili, na vitufe viko kwenye kibao tofauti. Kwa DJ wa harusi, sendofu na kicheni pati, deki pacha ni chombo cha kazi kweli. Kila kitu kimo ndani ya kasha moja, nyaya hazifunguliwi ovyo, na kupanga vyombo ukumbini ni dakika chache. Udhaifu wake ni kwamba pande zote mbili hutegemea chanzo kimoja cha umeme ndani ya sanduku, hivyo kikifa unabaki huna kitu, na magurudumu yake ni madogo mno kwa anayejifunza kuunganisha kwa mkono.

Mwaka 1994 Pioneer walitoa CDJ-500, deki ya kulazwa mezani kama mashine ya santuri, yenye gurudumu juu. Ilikuwa hatua kubwa, lakini gurudumu lake halikuweza kumpa DJ ule mguso wa santuri. Hilo lilikuja mwaka 2001 na CDJ-1000. Gurudumu lake lina upana wa milimita 206 na uso unaohisi kidole: ukigusa juu wimbo unasimama kama santuri iliyoshikwa, ukisukuma pembeni unaongeza au kupunguza kasi kidogo bila kuukatiza. Juu ya kioo ukaonekana mchoro wa mawimbi ya sauti, DJ akaweza kuona mahali ngoma inapokatika kabla haijafika. Nadhani hakuna mashine iliyobadilisha kazi hii zaidi ya hiyo tangu SL-1200. Klabu za dunia nzima ziliinunua, na mpangilio wake ukawa desturi: vitufe vya kuanzia chini kushoto, kitelezi cha kasi kulia, gurudumu katikati. Anayeuzoea mpangilio huo anaweza kusimama mbele ya vyombo vya klabu asiyoijua akaanza kazi bila kuuliza.

Wapo waliojibu swali letu kwa njia nyingine. Denon kwa DN-S5000 na Technics kwa SL-DZ1200 waliweka mota inayolizungusha sinia la juu, ili mkono uhisi mvuto wa kweli. Numark kwa CDX walikwenda mbali zaidi, wakaweka juu santuri kamili ya inchi 12. Kwa mkwaruzaji, mashine hizi zina raha ambayo gurudumu lisilo na mota haliifikii, na nimewasikia mafundi wa skrachi wakizitetea kwa hoja nzuri. Hata hivyo mota ni sehemu ya ziada ya kuchakaa, uzito wake mgongoni si mchezo, na vipuri vyake leo ni vigumu kupatikana. Kama hukwaruzi, usilipe gharama hiyo.

Vionjo vya sauti vilivyomo ndani ya deki, kama vile vya CDJ-100S ya mwaka 1998, ni vya kufurahisha, ila miksa nzuri huvifanya vizuri zaidi. Uwezo wa kusoma mafaili ya MP3 kwenye CD una faida dhahiri, kwa sababu CD moja hubeba nyimbo mia na zaidi badala ya ishirini. Ubaya ni kuzitafuta gizani kwenye kioo kidogo.

Kisha, mwaka 2009, CDJ-2000 ikaja na tundu la flashi, programu ya rekordbox ya kuandalia nyimbo nyumbani, na waya wa mtandao unaoziunganisha hadi deki nne zitumie flashi moja. CD ikaanza kusukumwa pembeni ndani ya mashine yake yenyewe. CDJ-2000NXS2 ya mwaka 2016 ndiyo kinara wa mwisho wa Pioneer aliyebaki na tundu la CD. Iliyofuata, CDJ-3000 ya mwaka 2020, haina. Kwa hiyo msomaji anayetaka deki ya CD ya kazi leo kwa kawaida ananunua mtumba, na maarifa ya kukagua mtumba yana thamani kuliko orodha yoyote ya sifa.

Kagua umeme kwanza. Deki nyingi za mtumba hutoka Japani, ambako umeme wa nyumbani ni volti 100, au Marekani, ambako ni volti 120. Kwetu Tanzania ni volti 230, Kenya 240. Geuza deki usome maandishi ya nyuma, karibu na mahali waya wa umeme unapoingia. Kama yanasema 100 au 120 peke yake, ukiichomeka ukutani utaiunguza siku hiyohiyo. Itahitaji transfoma ya kushusha umeme, moja imara ya kuzitosha deki zote mbili, na gharama hiyo uiingize kwenye bei. Hata deki ya volti 230 inastahili stabilaiza, kwa sababu umeme unaorudi baada ya kukatika, au wa jenereta inayobadilisha mlio, hauna huruma na vyombo vya namna hii.

Halafu lenzi. CD zilizochapwa kiwandani hurudisha mwanga mwingi wa leza, za kuchoma mara moja hurudisha pungufu kidogo, na zile za kuchoma na kufuta hurudisha karibu robo tu au chini ya hapo. Kwa hiyo beba CD ya kufuta iliyochomwa nyimbo. Kama deki inaruhusu aina hiyo kwenye kijitabu chake na bado inasitasita kuisoma, leza imechoka au lenzi ina vumbi. Vumbi husafishwa. Leza iliyochoka hubadilishwa kwa pesa.

Kitelezi cha kasi nacho hujaa vumbi. Kiweke sehemu moja, toa mkono, utazame namba kwenye kioo. Namba zikichezacheza bila kuguswa, deki hiyo haitashika mdundo. Bonyeza PLAY na CUE mara nyingi kwa haraka, maana hivyo ndivyo vitufe vinavyopigwa kuliko vyote na huchoka mapema. Gusa gurudumu juu kwa ncha ya kidole kimoja, pande zote, uone kama linahisi kila mahali. Kwa deki iliyoishi pwani, Mombasa, Tanga au Unguja, tazama matundu ya nyaya za sauti nyuma: hewa ya chumvi huyatia kutu, na kutu huleta mkwaruzo ambao utadhani ni spika.

Kipimo kimoja kinayakusanya haya yote, nacho hakihitaji fundi. Choma CD mbili zenye wimbo uleule, weka moja katika kila deki, kasi ikiwa sifuri. Tafuta mwanzo uleule kwenye zote, zianzishe pamoja, na zisogeze kwa gurudumu hadi sauti mbili ziwe moja. Zikifika, utasikia wimbo ukipata mvumo wa ajabu, kama ndege ya abiria inayopita juu ya nyumba. Mvumo huo husikika tu pale deki mbili zinapotofautiana kwa milisekunde chache. Ziache zicheze dakika tatu. Kama mvumo unabaki, deki zako zinakwenda kwa kasi moja. Kisha peleka zote kwenye asilimia 3 urudie. Mvumo ukigeuka mwangwi, halafu mwangwi ukawa ngoma mbili, umekwishapata jibu, na muuzaji naye amelisikia.

Hukumu yangu kwa anayeanza ni hii. Nunua deki mbili za aina moja, hata kama ni za daraja la kati, kuliko moja ya kifahari na nyingine ya kuungaunga, kwa sababu mikono miwili haiwezi kujifunza lugha mbili tofauti usiku mmoja. CDJ-800MK2 mbili zilizotunzwa, zenye gurudumu kubwa linalohisi kidole, zinatosha kujifunzia karibu kila kitu nilichokieleza hapa. Mwenye kazi za klabu na bajeti nene atafute CDJ-2000, zinazopokea CD na flashi pia. Wa harusi asione haya kununua deki pacha. Na lolote utakalochagua, nenda dukani na CD zako tatu, mbili za wimbo mmoja na moja ya kufuta, pamoja na hedifoni yako mwenyewe, na usitoe hata shilingi ya kishika bei kabla hujasoma volti zilizoandikwa nyuma.